Daftari la Lori Arobaini na Saba

Kila asubuhi ya siku ya shule, nyumbani kwa kina Kendi watu walipishana mlangoni. Baba alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kazini mji wa pili, Eden Prairie, na Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwa bado na sare yake ya samawati na macho mazito ya usingizi. Lakini hakulala. Alikoroga uji wa wimbi, akaumimina vikombeni, kisha akasimama mlangoni kama askari wa mpakani, kuwakagua wanawe kabla hawajatoka kwenye baridi.

"Kofia?"

"Ninayo," akajibu Kendi.

"Skafu? Viatu vya theluji? Allan, glavu ya pili iko wapi?"

Allan, aliyekuwa na miaka saba, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba glavu ilikuwa imepotea yenyewe.

"Glavu haina miguu, baba. Tafuta chini ya kochi."

Allan akacheka, akaenda kutafuta chini ya kochi. Kiswahili alikisikia chote, mpaka mafumbo yake. Ulimi tu ndio uliokuwa mvivu.

Kendi alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa moja: kumshika mdogo wake mkono mpaka wapande basi la shule. Walikaa Crystal, mji mdogo wa kaskazini mwa Marekani, katika mtaa wa nyumba ndogondogo zenye theluji iliyorundikwa pande zote mbili za njia. Basi lilisimama ng'ambo ya barabara. Hapo walimkuta Mutesi, rafiki yake Kendi, akirukaruka ili miguu isigande. Dereva wao alikuwa Mzee Byamungu, mtu wa Bukavu, aliyewasalimu watoto wote kama wajukuu zake.

"Bonjour, watoto! Muko wazima? Mupande, mupande, baridi iko nakula masikio!"

Allan alimpenda mzee huyo kupita kiasi. Alikuwa akivuka barabara kwa mbio, akikaza mwendo amfikie wa kwanza.

Mpaka ile Jumatatu ya mwanzo wa Januari.

Basi lilikuwa limesimama. Taa zake nyekundu zilikuwa zikimetameta, na ule mkono mwekundu wa pembeni, unaoyaamuru magari yote kusimama, ulikuwa umenyooka. Kendi alitazama kushoto, akatazama kulia, wakaanza kuvuka. Ndipo aliposikia ngurumo. Lori kubwa la rangi ya chungwa, limejaa chumvi ya kumwagwa barabarani kuyeyusha barafu, lilikuwa likija mbio. Halikupunguza mwendo. Lilipiga honi ndefu, kana kwamba wenye makosa ni watoto.

Kendi alimdaka Allan kwa kofia ya koti, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka chali kwenye theluji. Upepo wa lori ukawapiga usoni, na punje za chumvi zikawanyeshea kama mvua ya mawe. Mkoba wa Allan ulikuwa umemponyoka. Lori lilipopita, mkoba ule ulikuwa bapa kama chapati.

Mzee Byamungu alishuka mbio, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja.

"Ile kamio!" alisema. Yeye lori aliliita kamio. "Nimeona namba ku mlango, arobaini na saba. Lakini bamba lake la nyuma limefunikwa na theluji, sikusoma kitu!"

Siku hiyohiyo alipeleka habari kwenye ofisi ya mabasi. Ofisi ikaiandikia kampuni ya malori. Kampuni ikajibu kwa maneno matamu kwamba inasikitika sana, na kwamba jambo hilo limekabidhiwa kwa meneja wa madereva.

Kesho yake asubuhi, Allan alifika ukingoni mwa barabara, akasimama. Miguu ilikataa. Kendi alimbembeleza, akamtania, akamwahidi peremende. Allan alilia tu, akitazama upande lilikotokea lori. Mama ikabidi atoke na ndala zake za ndani, ambebe mgongoni, amvushe. Ikawa hivyo kila siku. Mama aliyesimama kazini usiku kucha alimbeba mtoto wa miaka saba kwenye barafu, na Kendi alifuata nyuma akiwaza kwamba mama yake akiteleza mara moja tu, na lile lori likatokea, atawapoteza wote wawili.

Sasa, yule meneja wa madereva hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Anko Zadock, ambaye kila Jumapili walisali naye kanisa moja. Alikuwa mtu wa watu, mwenye suti safi na kicheko cha kujaza ukumbi. Harusi ilipokuwapo, yeye ndiye mshereheshaji. Mtu alipofiwa, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Kwa hiyo Mama hakuona sababu ya kuandika barua wala kupiga simu kwa wakubwa. Alifanya wanavyofanya watu wa kwetu: alimngojea baada ya ibada, wakati wa chai na mandazi.

"Shemeji, lile lori lenu nusura liniulie watoto," alimwambia.

Anko Zadock aliweka kikombe chini, akashika kifua. "Pole sana, Mama Kendi! Pole mno. Dereva ni Rodney huyo, namjua. Hiyo niachie mimi. Usiende kwa watu wa nje, haya ni mambo ya nyumbani."

Mama akarudi ameridhika. Lakini Alhamisi yake, saa moja na dakika kumi asubuhi, lori arobaini na saba likapita basi tena bila kusimama.

Jumapili ya pili Anko Zadock alisema, "Nimeongea naye, amenielewa." Jumatano, lori likapita. Jumapili ya tatu alicheka kidogo, akatazama saa yake. "Mama Kendi, kusema kweli, Rodney ndiye dereva wangu wa kutegemewa. Wenzake wanaenda safari sita kutwa, yeye anaenda nane. Na msimu huu kila mji unalilia chumvi. Tena, siku ile ya kwanza wewe mwenyewe hukuwapo. Ni neno la watoto wenye usingizi, na la dereva wa basi ambaye hata bamba hakulisoma. Niletee kitu kilichoandikwa."

Wanawake wawili waliokuwa wakiosha vikombe walimvuta Mama pembeni. "Usimharibie Zadock, jamani," walimnong'oneza. "Ndiye mtu wetu wa kwanza kupewa ofisi pale. Wakimtoa, watamweka mtu wetu mwingine?"

Mama alichukua koti lake, akawaita watoto. Ndani ya gari, wakirudi nyumbani, alianza kucheka peke yake, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"Kitu kilichoandikwa! Ananiambia mimi!" Akamgeukia Kendi. "Unajua mimi kazini nafanya nini?"

"Unawatunza wazee."

"Nawatunza, na ninaandika. Mzee amekula, naandika. Amekunywa maji, naandika. Nimemgeuza kitandani, naandika na saa. Pale kwetu, kisichoandikwa hakikufanyika. Haya, tutaandika."

Jioni hiyo Mama alitoa daftari jipya lenye jalada la kijani. Alichora safu tatu kwa rula: siku, saa, nilichokiona. Kwa kuwa yeye angekuwa amembeba Allan, mwandishi angekuwa Kendi, naye akampa masharti ya kazini kwake. "Andika ulichokiona kwa macho yako, siyo ulichosikia. Andika saa ya kwenye simu, usikadirie. Usiandike 'dereva mbaya'. Andika 'lori halikusimama'. Ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha tia herufi za jina lako, watu wajue nani alikosea. Na kubwa kuliko yote: usiandike jambo kabla halijatokea. Kwetu, ukikamatwa umeandika kwamba umemgeuza mzee na hujamgeuza, unafukuzwa siku hiyo."

"Hata kama ulikuwa unaenda kumgeuza?"

"Hata kama ulikuwa umeshavaa glavu."

Kendi na Mutesi wakaanza kazi. Mutesi alisoma saa kwa sauti, Kendi akaandika. Jumatatu, saa moja na dakika kumi na moja: lori 47 halikusimama. Jumanne, saa moja na dakika tisa: lori 47 halikusimama, lilipiga honi. Si kila siku lilipita, lakini Jumanne halikukosa hata mara moja.

Wiki ya tatu baridi ilishuka vibaya sana. Kalamu iliganda wino. Ili aandike, Kendi alilazimika kuvua glavu, na ndani ya dakika moja vidole vilimwuma kana kwamba vimebanwa mlangoni. Jumatatu jioni alikaa mezani jikoni, mikono yake ikizunguka kikombe cha chai, akalitazama daftari. Kesho Jumanne, akawaza. Lori litapita tu, kama linavyopita siku zote. Ya nini kuganda? Akachukua kalamu, na kwa mwandiko mzuri wa mtu mwenye vidole vya moto akaandika: Jumanne, saa moja na dakika kumi: lori 47 halikusimama.

Asubuhi yake waliamshwa na ujumbe wa simu. Baridi ilikuwa kali kupita kiasi, shule zote zimefungwa. Allan alishangilia akirukaruka juu ya kochi. Walishinda ndani wakioka biskuti, na ule mstari wa Jumanne ukamtoka Kendi akilini kabisa.

Aliukumbuka Jumamosi, walipokuwa maktaba. Mama alikuwa akinakili kurasa za daftari kwa mashine, ukurasa baada ya ukurasa, ili azitume makao makuu ya kampuni.

"Mistari kumi na mitatu!" Mama alisema, uso ukimng'aa. "Mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima."

Kendi aliuona mstari wa Jumanne ukitoka kwenye mashine, mweupe na mweusi, bado una joto. Sema, akajiambia. Lakini Mama alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa wiki nyingi. Mmoja kati ya kumi na mitatu, akawaza, nani atauona? Akaipokea karatasi, akaiweka chini ya zile nyingine.

Barua ya Mama ilijibiwa haraka kuliko walivyodhani. Mkuu wa usalama wa kampuni, mama mmoja Mmarekani aitwaye Susan, aliwaita Alhamisi katika ofisi yao kule mji wa Savage, karibu na mto, ambako milima ya chumvi imefunikwa kwa maturubai meusi. Mama alimwombea Kendi ruhusa shuleni, wakaenda wawili.

Chumbani walikuwamo watu watatu. Bi. Susan alikaa kichwani mwa meza, miwani ameipandisha juu ya mvi zake. Anko Zadock alikaa kulia kwake, suti imenyooka, lakini kicheko leo amekiacha nyumbani. Kando yake alikaa Rodney, mtu mwenye mabega mapana, akitafuna ubani na kutazama dirishani.

Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Bi. Susan alimwomba Rodney aeleze.

"Mimi sijapita basi lolote," alisema Rodney. "Hawa wananichanganya na mtu. Malori ya rangi hiyo yako mengi."

Bi. Susan akamgeukia meneja. "Na wewe, Bwana Zadock?"

Anko Zadock alivuta nakala za daftari karibu. Alizisoma kimya, ukurasa wa kwanza, wa pili. Ghafla kidole chake kikasimama.

"Hapa," alisema. "Jumanne ile ya baridi kali. Shule zilikuwa zimefungwa. Hakukuwa na basi barabarani siku hiyo. Tena lori arobaini na saba halikutoka gereji, dizeli iliganda. Mimi mwenyewe nilimwita fundi."

Rodney aliacha kutafuna, akatabasamu.

"Unaona?" alisema. "Wametunga. Kama huo ni uongo, yote ni uongo."

Mama alimgeukia Kendi polepole. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kendi alitamani sakafu ipasuke immeze.

Anko Zadock aliinama mbele, akamsemesha kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole kabisa. "Kendi, mtoto wangu, labda ulichanganya siku tu. Si ndiyo? Sema umechanganya, tumalize, twende nyumbani."

Ulikuwa mlango mzuri, na ulikuwa wazi. Kuchanganya siku si dhambi, watu wazima huchanganya kila wakati. Lakini Kendi aliona Bi. Susan akianza kufunga faili iliyokuwa mbele yake, na akamwona Allan ukingoni mwa barabara, amesimama analia, siku zote za msimu huu na ujao. Akasimama.

"Sikuchanganya siku," alisema kwa Kiingereza, wote wasikie. "Huo mstari niliuandika Jumatatu jioni, nikiwa nyumbani. Baridi ilikuwa inaniuma vidole, nikajua lori litapita tu, nikaandika kabla. Halafu Jumamosi niliuona nikanyamaza. Mama hajui. Mutesi hajui. Ni mimi."

Akatoa daftari lenyewe kwenye mkoba, akafungua ukurasa ule, akapiga mstari mmoja wa wino juu ya maneno ya Jumanne, taratibu, wa kusomeka. Pembeni akatia herufi za jina lake, na chini yake akaandika: Sikuona. Kisha akalisukuma daftari mpaka mbele ya Bi. Susan.

"Huo mmoja ni uongo wangu," alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka. "Hiyo mingine kumi na miwili niliiona. Mdogo wangu hawezi tena kuvuka barabara. Mama yangu anambeba mgongoni. Tafadhali, ipimeni. Kama kuna mwingine wa uongo, mtufukuze."

Bi. Susan hakufunga faili. Alishusha miwani machoni, akamtazama Kendi. Kisha akavuta kompyuta yake.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu," alisema. "Watu wengi wamekaa kwenye kiti hicho. Wewe ni wa kwanza kukiri kosa lake mwenyewe kabla ya kuniomba nimwamini. Basi, tupime. Kila lori letu lina kifaa kinachorekodi lilipo na mwendo wake. Soma, binti. Siku na saa."

Tabasamu la Rodney likapotea.

Kendi alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasoma. "Jumatatu, saa moja na dakika kumi na moja."

Bi. Susan alibonyeza, akangoja. "Lori arobaini na saba. Mtaa wenu, kona yenu. Maili arobaini na moja kwa saa, katika barabara ya maili ishirini na tano. Halikusimama. Endelea."

"Jumanne, saa moja na dakika tisa."

"Maili thelathini na nane. Halikusimama. Endelea."

Kendi aliendelea. Kila aliposoma, sauti yake ilipata nguvu kidogo. Wa tano. Wa nane. Wa kumi na mbili. Mistari yote kumi na miwili ililingana, mingine kwa dakika ileile, mingine kwa tofauti ya dakika moja tu. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Na ile Jumanne ya baridi," Bi. Susan alisema, "lori lilikuwa gereji, na Kendi mwenyewe amekiri kwamba hakuliona. Kwa hiyo kila neno alilosema chumbani humu ni kweli." Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Kuna jambo jingine. Kifaa hiki dereva akizidisha mwendo humtumia meneja onyo. Naona hapa maonyo thelathini na moja juu ya lori hili. Hata moja halijafunguliwa. Bwana Zadock?"

Anko Zadock alizisukuma nakala mbali naye. "Kulikuwa na kazi nyingi," alisema. "Chumvi ilikuwa inafika. Niliona mradi inafika..."

"Rodney, weka ufunguo wa lori mezani," Bi. Susan alisema. "Leo huendeshi. Faili yako inakwenda kwa polisi pamoja na daftari hili. Na wewe, Bwana Zadock, ubaki. Tuna mazungumzo marefu."

Ufunguo uligonga meza. Kwa Kendi, mlio ule mdogo ulikuwa mtamu kuliko kengele ya kufunga shule.

Nje, kwenye maegesho, Mama alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka.

"Umenitia aibu leo," alimwambia sikioni. "Na umeniondolea, saa hiyohiyo, mbele ya watu walewale. Sijui nikuchape au nikununulie keki."

"Keki," alisema Kendi, na wote wawili wakacheka huku wakilia.

Jumamosi mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa Anko Zadock, hana suti, amevaa sweta ya kawaida, mkononi ana mfuko wenye sukari, mkate na unga wa ugali, kama wafanyavyo watu wa kwetu wanapokwenda kuomba radhi. Mama alimkaribisha chai. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni wa mara ya kwanza.

"Hawakunifukuza," alisema. "Wameniweka chini ya Bi. Susan miezi sita. Kila onyo lazima nilijibu siku hiyohiyo kwa maandishi, na kila dereva nipande naye lorini wiki moja nione anavyoendesha. Ndiyo ninachostahili." Akawatazama Kendi na Allan. "Nilikuwa nawaambia watu, niachieni mimi. Halafu mimi nikaacha mambo yaendelee. Dereva alikimbia, lakini aliyemfungulia njia ni mimi, kwa kufumba macho. Watoto, mnisamehe."

Kendi alisema amemsamehe. Allan alifikiri kwanza. Kisha, kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, akauliza: "Lori… litasimama?"

Chai ilimpalia Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akisema Kiswahili mbele ya mgeni.

"Litasimama," alisema Anko Zadock. "Usiniamini kwa mdomo. Jumatatu njoo uone."

Jumatatu ilikuwa na jua kali juu ya theluji, mpaka macho yaliuma. Mama alitoka nao kama kawaida, akachuchumaa ukingoni, akampa Allan mgongo. Basi lilikuja, taa zikamulika, mkono mwekundu ukanyooka. Na kule mwisho wa mtaa likatokea lori la rangi ya chungwa, limejaa chumvi.

Allan aliushika mkono wa Kendi kwa nguvu.

Lori likapunguza mwendo. Likapunguza tena. Likasimama mbali, mbali kuliko ilivyolazimu, likatulia kama ng'ombe aliyefika zizini. Ndani yake dereva mgeni alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na pembeni yake, amejikunyata kwa baridi, kofia imemfika machoni, alikaa Anko Zadock. Akawapungia mkono.

Allan alilitazama lori. Alitazama mgongo wa mama yake. Kisha akauachia mkono wa Kendi.

"Naenda mwenyewe," alisema.

Akaenda. Kwanza hatua ndogo, za mtu anayepima barafu ya ziwa. Alipofika katikati ya barabara akaanza kukimbia, mkoba mpya ukimdundadunda mgongoni, na Mzee Byamungu akafungua mlango wa basi akipiga honi kwa furaha, na Mutesi na watoto wote madirishani wakapiga makofi na kuita jina lake.

Mama alisimama, akajinyoosha kiuno, akamshika Kendi bega. Machozi yalikuwa yamemganda kwenye kope.

"Kendi, sikiliza nikuambie neno, ulibebe maishani," alisema. "Tulikuwa na haki tangu mwanzo, na haki yetu ilitosha. Ule mstari mmoja wa uongo haukuiongezea nguvu hata kidogo. Ulikaribia kuizamisha yote. Ukiwa na ukweli, usiuongezee chumvi. Na siku ukikosea, liseme kosa lako wewe kabla hujasemewa. Wakubwa wakilala, wewe usichoke kuwaamsha, lakini waamshe kwa ukweli mtupu."

"Nimesikia, Mama."

"Nami najivunia kuwa mama yako. Hilo nalo lisikie."

Kendi alitaka kujibu, lakini kutoka ng'ambo ya barabara sauti ya Mzee Byamungu ilivuma mtaa mzima.

"Eh, Kendi! Uko nangoja nini, mama? Kuja! Kamio mzima iko nakungojea weye!"